Duniani Wawili Wawili

Wazee waliposema duniani ni wawili wawili, walikuwa wanazungumzia sura. Ukimwona Kariakoo mtu aliyefanana na marehemu babu yako kama shilingi kwa ya pili, usimrukie shingoni. Yeye ana ukoo wake na wewe una wako. Maneno nayo yana tabia hiyo, na Ulaya imezidi. Lugha chungu nzima zimegawana herufi zile zile za Kirumi, basi haikosi siku mawili yakakutana njiani yamevaa kanzu moja, wala hayajuani.

Hilo lilidhihirika Baba mkubwa na Mama mkubwa walipokuja kututembelea hapa Stockholm. Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Nusu ya Tanga imeonja fimbo yake kwa kusahau ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Mama mkubwa ana Kiswahili na Kisambaa vinavyomtosha, na Kizungu hajui hata salamu.

Baba mkubwa alianza kwa ushindi. Ukutani kwenye kituo cha afya alikuta mchoro wa mwili wa binadamu: arm, hand, finger. Herufi za Kiingereza, maana ile ile, kwa sababu Kiswidi na Kiingereza ni wa ukoo mmoja. "Mwanangu," akaniambia, "hii si lugha ya kusomea. Ni Kiingereza kilichonyunyiziwa nukta."

Tulipokuwa tunatoka kwenye maegesho ya duka, akasoma kibao cha langoni: UTFART. Akapandisha kioo cha gari taratibu, kwa adabu, asije akaniaibisha. Kwa Kiingereza fart ni ushuzi. Kwa Kiswidi ni mwendo, neno lenye undugu na fara, yaani kusafiri, na utfart ni njia ya magari kutokea, basi. Lile la Kiingereza lina asili yake ya kale, na tangu lizaliwe halijawahi kunukia. Mbele kidogo tukakuta matuta na kibao kingine: FARTHINDER. "Angalau," akasema, "wanajitahidi kuuzuia."

Kwenye treni ya chini kwa chini mambo yakachacha. Kibao cha juu ya mlango kiliandikwa Slutstation. Maana yake kituo cha mwisho, kwa kuwa slut ya Kiswidi ni tamati. Ila aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote anasoma hapo stesheni ya malaya. Baba mkubwa akajikaza kitini. "Mimi mzee wa msikiti," akasema, "hapa sishuki." Mama mkubwa aliona abiria wote wamesimama, akakwapua mkoba wake akashuka nao. Tulimkuta nje anatafuna karanga.

Mlangoni mwa basi paliandikwa barnvagn. Barn ya Kiingereza ni ghala. Chimbuko lake ni maneno mawili ya kale yaliyoungana, shayiri na nyumba. Barn ya Kiswidi ni mtoto, na mzizi wake ni kuzaa. Baba mkubwa alikuwa ananieleza jinsi nchi hii ilivyoendelea, hata mavuno yanapanda basi, mara akaingia mama mmoja anasukuma kigari cha mtoto.

Halafu kikaja kibanda kilichoandikwa GLASS. Miwani ya Baba mkubwa ilikuwa imelegea kioo kimoja. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaiweka kaunta, akasubiri. Glass ya Kiingereza ni kioo. Ya Kiswidi ni aiskrimu, na wameichukua kwa Wafaransa, ambao glace yao ni barafu. Binti wa kibanda akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba miwani hawatengenezi, ila vanila ipo. Mama mkubwa, ambaye maandishi yale kwake yalikuwa mapambo tu, alikwisha kunyooshea kidole picha ya koni, na wakati huo alikuwa analamba.

Neno pacha, nimegundua, halina ugomvi na asiyejua. Asiyejua hutazama picha, hufuata watu, huuliza. Linamvizia mwenye lugha nyingine kichwani, kwa maana huyo ndiye anayedhani amelitambua. Wala si Kiingereza peke yake kinachoponza watu. Jirani yetu mmoja wa Bukavu, aliyesoma kwa Kifaransa, aliletewa vidonge kutoka London. Akaona pain kwenye boksi, akashangaa Waingereza wanameza dawa ya mkate. Pain ya Kifaransa ni mkate, kutoka panis ya Kilatini. Ya Kiingereza ni maumivu, kutoka poena, adhabu, ya Kilatini hicho hicho. Mhispania naye akikaa mkahawani Roma huletewa orodha yenye tambi za burro. Kwao burro ni punda. Kwa Waitaliano ni siagi.

Kuna gift pia, na hili ndilo linalotia kichaa zaidi, kwa kuwa safari hii undugu upo kweli. Kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi ni sumu, na ni mtu aliyeoa au kuolewa vilevile. Yote yametoka kwenye kutoa: zawadi hutolewa, dawa hutolewa kwa kipimo hadi jina likaishia kwenye sumu, na mwari hutolewa kwa mumewe. Nilimweleza Mama mkubwa nikitegemea atashangaa. "Zawadi, ndoa, sumu," akahesabu kwa vidole huku akimtazama mumewe. "Mbona yamepangika vizuri tu."

Waswidi nao hawakusalimika. Kabla wageni hawajaondoka tuliwapeleka kunywa kahawa. Mama mkubwa alitaka maji, akamwita mhudumu kama anavyomwita kila mwanamume asiyemjua jina: "Kaka! Kaka!" Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda ndani, akarudi na sahani mbili za keki. Kwa Kiswidi, kaka ndiyo hiyo keki, naye alikuwa ameita mara mbili. Mama mkubwa akala ya kwanza, akavuta ya pili. Baba mkubwa akabaki kulipa, kwa Kiingereza.