Heko kwa Kutu, Mlaji wa Vimondo

Wafalme wamesifiwa, minazi imesifiwa, hata paka kasifiwa. Kutu, inayofanya kazi usiku na mchana bila mshahara wala likizo, haijapata msemaji. Leo inampata, tena pale ilipoonyesha ustadi wake wote: ndani ya kabati la mkusanyaji wa vimondo.

Tuanze na nasaba yake, kama ilivyo desturi ya kusifu. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na hewa. Huko angani hakuna ndoa ya namna hiyo, ndiyo maana kimondo hukaa miaka zaidi ya bilioni nne bila doa. Kikitua duniani, wa kwanza kukipokea si mwanasayansi wala mnunuzi, ni kutu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kutu haingoji hata hiyo ya pili. Tarehe 14 Agosti 1992 mamia ya mawe yalidondoka Mbale, Uganda, na mojawapo, kijiwe kidogo kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba, kikamgonga kijana kichwani bila kumdhuru. Mawe yale yana chembe za chuma zilizotawanyika ndani. Kata kipande, kipige msasa, nazo zitang'aa kama fedha. Kiache wazi mezani masika yote, kisha kitazame tena: kila chembe imejipaka hina.

Ustadi wake hasa uko kwenye vimondo vya chuma kitupu. Unanunua kipande kimesuguliwa hadi unajiona usoni mwake. Siku moja unakuta vitone vidogo vya majimaji ya rangi ya chai vimejitokeza kwenye ufa. Unafuta, kesho vimerudi palepale. Kikulacho ki nguoni mwako: ndani ya nyufa mna klorini. Zamani lawama ziliangukia lawrensaiti, madini ya chuma na klorini yaliyodhaniwa kuja na kimondo kutoka juu. Mwaka 1989 watafiti Vagn Buchwald na Roy Clarke walionyesha kuwa klorini hiyo hukaa kwenye madini mengine, akaganaiti, na kwamba imetoka kwenye udongo na maji ya hapa hapa duniani. Mbingu zikasafishwa jina. Uzuri wa klorini ni kwamba haiishi. Ikishageuza chuma kuwa kutu huachiliwa, ikasogea mbele kuanza upya. Nionyesheni mfanyabiashara mwingine ambaye mtaji wake haupungui hata akila faida kila siku.

Wapo wanaoiita mharibifu wa sanaa. Ni kweli kwamba mwaka 1808, huko Vienna, Alois von Widmanstätten aliona ile michoro ya mistari inayopishana ndani ya chuma cha vimondo, na hadi leo watu huifichua kwa asidi ya nitriki. Lakini kutu ilikuwa ikichora zamani hizo: hula kwanza chuma chenye nikeli kidogo, ikibakiza kile chenye nikeli nyingi, na michoro ikatokea bila asidi wala fundi. Nguvu zake nazo si za kubeza. Vipande vya kimondo cha Nantan, nchini China, vilikusanywa mwaka 1958 wakati taifa likisaka chuma cha kuyeyusha, vikakataa tanuri kwa ajili ya nikeli yake. Kilichozishinda tanuri, kutu inakimaliza kimyakimya kabatini bila mkaa hata kidogo, gamba kwa gamba. Bandu bandu huisha gogo.

Wala haina upendeleo. Kimondo cha Mbozi kule Songwe, chenye tani zaidi ya 10, kimenyeshewa na kupigwa jua tangu zamani, nayo kutu imeridhika kukivisha koti jembamba la kahawia. Kile cha gramu 200 kilicholipiwa fedha nyingi na kufungiwa kwenye kioo ndicho kinachobomoka. Kutu haitazami ukubwa wala bei. Inatazama chumvi na nyufa.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni malezi. Bila kutu, mkusanyaji angekuwa mwenye mali tu: ananunua, anaweka, anasahau. Kutu humgeuza kuwa mtumishi wa mali yake. Ndiyo inayomkalisha na brashi ya waya, akikwangua magamba. Ndiyo inayomfundisha kuloweka jiwe wiki kadhaa kwenye maji ya betri yasiyo na asidi, yaliyotiwa kostiki soda, akiyabadilisha mara kwa mara ili klorini itoke. Kisha anatia spiriti kufukuza maji, anaoka jiwe kwa moto mdogo huku nyumba nzima ikiuliza kinachoiva ni nini, analipaka nta likingali na uvuguvugu, analifungia kwenye chupa pamoja na silika. Hapo anaanza ibada ya kuchungulia kama silika ya buluu imegeuka waridi, dalili kwamba imeshiba unyevu na inahitaji kukaushwa tena. Kuna watoto wa watu hawajawahi kuangaliwa hivyo.

Basi anayetaka kuienzi kutu ipasavyo afuate masharti haya. Akishike kimondo kwa vidole vyenye jasho, hasa baada ya kula korosho za chumvi. Glavu ni za waoga. Akikate kwa maji ya bomba, asikikaushe. Akiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini, Tanga au Mombasa, kule ambako hata bati la paa halichelewi kubadilika rangi. Apake nta juu ya unyevu ili klorini ipate faragha. Silika aitupe pamoja na boksi la viatu ilimokuja. Na vitone vya kwanza vikitokea, aseme ataviangalia Jumapili.

Atakayekaidi masharti haya atazeeka na kimondo chake kiking'aa vilevile kama siku alipokinunua, na wenzake wakikutana kulia na kulinganisha hasara, yeye hatakuwa na la kusema.