Waza Chanya, Ndoo Itajaa

Tuwashukuru wahamasishaji. Tangu mchungaji wa New York, Norman Vincent Peale, atoe kitabu chake cha fikra chanya mwaka 1952, binadamu hana tena kisingizio. Sisi wa Dar es Salaam tulichelewa tu kuelewa. Mto Ruvu ulipopungua maji mwaka 2022 na mgao ukaanza, wenye fikra hasi walihangaika na madumu, kana kwamba tatizo lilikuwa maji! Mwenye mtazamo sahihi alifungua bomba, likapuliza upepo, akashukuru kwa hewa safi. Tena bure. (Bili ilikuja, lakini tusiharibu mazungumzo.)

Mwalimu anayedai malimbikizo naye atabasamu: anajiwekea akiba bila hata kufungua akaunti. Abiria wa bodaboda, kila shimo la barabarani linamnyoosha mgongo, huduma ambayo matajiri huilipia. Na mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha? Huyo ameepushwa na madhara yote ya dawa.

Wenye shaka wahudhurie semina. Waende na fedha taslimu, maana mlangoni fikra chanya hazipokelewi.