Niko Njiani, Nimefika Maili Nne

Eldoret inajua thamani ya sekunde. Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alipoishusha rekodi ya dunia ya marathoni hadi saa 2:00:35 kule Chicago, alimpiku Eliud Kipchoge kwa sekunde 34, na sekunde hizo zikachambuliwa katika vibanda vya chai kutoka Langas hadi Kapsoya mpaka zikaisha ladha. Huko Iten, kundi la wakimbiaji likisema linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Aliyebaki akifunga kamba za viatu atafuata vumbi.

Ajabu ni kwamba katika jiji hilihili (ni jiji tangu Agosti 2024, na kuna wakazi wasiotaka tena kusikia mtu akiliita mji) wapo washindani wengine wanaopimwa kwa sekunde, wanaolipa kutoka mfukoni mwao ili wapimwe, na ambao hadi leo hawajapatana na saa. Hao ni madereva wa ridhaa wa mbio za magari.

Mwite Bwana Jumamosi. Si mtu mmoja. Kila klabu ya magari inaye wa kwake, na nyingine zinao watatu. Jumatatu hadi Ijumaa huuza mbegu na mbolea kwa wakulima wa Moiben, na hapo hachelewi kufungua duka hata siku moja, maana mkulima wa mahindi mvua ikianza hana subira. Jumamosi huvaa ovaroli isiyoshika moto, yenye jina lake kifuani, na kugeuka mtu mwingine kabisa. Ameambiwa gari lifike kwenye ukaguzi saa moja asubuhi. Saa moja na robo mwelekezi wake anampigia simu.

"Niko njiani," anajibu. "Nimefika Maili Nne."

Nyuma yake jogoo anawika, na sauti ya mama inauliza kama chai iongezwe maziwa. Mwelekezi hahitaji kuuliza zaidi. Jogoo huyo anamfahamu. Ni wa Turbo.

Huyu mwelekezi ndiye wa kuhurumiwa. Kazi yake rasmi ni kusoma maelezo ya njia kona baada ya kona na kutunza kadi ya muda, ile karatasi inayoandikwa dakika gari lilipoingia na kutoka katika kila kituo. Kazi yake isiyo rasmi ni kulea mtu mzima mwenye leseni. Amesimama uwanjani na helmeti mbili mkononi, anatabasamu kwa wakaguzi, na anasema lile neno ambalo waelekezi wote hulisema: "Anaegesha."

Watu wasioujua mchezo hudhani kuchelewa ni jambo la adabu tu, kama kuchelewa harusini. Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, ambazo mbio nyingi za aina hii duniani zimejengwa juu yake, zinasema vingine. Kila gari lina dakika yake. Kama kadi inasema saa kumi na mbili na dakika 58 jioni, basi mko sawa mkiikabidhi wakati wowote kati ya sekunde ya kwanza na ya mwisho ya dakika hiyo. Ikipita, kila dakika mnayochelewa inaongeza sekunde 10 kwenye jumla ya muda wenu. Mkichelewa mwanzo wa mbio kwa zaidi ya dakika 15, hamwanzi; rudini nyumbani mkaangalie wengine. Na mkishafika kwenye mstari wa hatua yenyewe, kile kipande cha njia kinachokimbiwa kwa kasi, taa ikiruhusu na gari likakaa sekunde 20 bila kuondoka, linasukumwa kando.

Kanuni hizo zinaongeza sentensi moja fupi ambayo ingefaa kubandikwa kwenye usukani wa Bwana Jumamosi: wajibu wa kuikabidhi kadi, na usahihi wa kilichoandikwa humo, ni wa dereva na mwelekezi peke yao. Fundi hayumo. Shemeji hayumo. Kombaini ya ngano iliyoziba barabara ya Moiben ikitembea mwendo wa maandamano, huku foleni ya pikapu ikijipanga nyuma yake, haina kifungu.

Lakini msikilize atakavyojieleza akifika.

Kwanza ni fundi. Fundi alikuwa na gari tangu Jumatano, akaahidi litakuwa tayari Ijumaa saa kumi, na Ijumaa saa mbili usiku alionekana amelala chini ya gari, miguu nje, akiomba spana ya kumi na nne. Haya, tukubali: mafundi wanajua kuahidi. Ila fundi huyo aliletewa vipuri Ijumaa mchana. Aliyevileta, na aliyekuwa amesahau kuviagiza, ni Bwana Jumamosi.

Pili ni mtungi wa kuzima moto. Wakaguzi hawaangalii tu kama upo. Wanaangalia kibandiko cha tarehe, kwa sababu lazima uwe umehudumiwa katika miaka miwili iliyopita. Mikanda ya usalama nayo ina mwisho wake, umeshonewa palepale kwenye lebo, na mkaguzi huikunja lebo hiyo kwa kidole gumba na kuisoma kwa sauti ili hata walio mbali wafaidike. Mikanda ya Bwana Jumamosi ni halali. Mtungi wake wa kuzima moto pia ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba Alhamisi shemeji yake aliuazima ili matatu yake ipite ukaguzi wa serikali, na sasa uko chini ya kiti cha abiria, safarini kuelekea Kitale.

Kwa hiyo dakika 40 zinapotea kumtafuta mtu wa kuazima. Anayemwazima ni mshindani wake mkubwa, ambaye alifika saa kumi na mbili na nusu, akakaguliwa wa kwanza, na sasa anakula maandazi kwa utulivu unaoudhi.

Haki itendeke: kuna ucheleweshaji ambao Eldoret yenyewe inahusika nao. Jiji liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni haba kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Gari la zamani la kabureta lililopangwa pwani likiletwa huku hupata petroli nyingi kuliko hewa. Linakohoa, linatoa moshi mweusi, linalowesha plagi, na asubuhi ya baridi linakataa kuwaka mbele ya watu wote. Mwenyeji atamwonea huruma mgeni huyo na kumsaidia kusukuma. Lakini atamuuliza pia, kwa upole, kwa nini hakufika Ijumaa akalijaribu. Milima haikuwekwa usiku wa kuamkia mbio.

Kenya si mgeni wa hesabu hizi. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, haikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ilikuwa kazi ya kufika vituoni kwa wakati kupitia barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, matope yakiwa matope. Kwa miaka mingi dakika moja ya kuchelewa ilikuwa alama moja ya adhabu, na mshindi alikuwa mwenye alama chache. Mwaka 1973, baada ya maelfu ya kilomita, Shekhar Mehta na Msweden Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawasawa. Ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu ndiye aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kuchelewa kwa mara ya kwanza. Mtu akikwambia dakika moja si kitu, mwambie huo ulikuwa ushindi wa kwanza kati ya mara tano alizoshinda Mehta.

Je, kosa la mwingine likikuchelewesha? Hapo michezo haina huruma, na Wamarekani Eddie Hart na Rey Robinson wangeweza kutoa ushahidi. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 walikuwa miongoni mwa wenye kasi zaidi duniani katika mita 100. Kocha wao alikuwa ameshika ratiba ya zamani. Waligundua raundi yao imeanza walipoona wakimbiaji wakijipanga kwenye televisheni. Kocha alibeba lawama hadharani, kama mtu mwungwana, na lawama hiyo haikuwarudishia hata mita moja. Ferdinand Omanyala naye, Julai 2022, alinyimwa usingizi na visa: ilitoka kwa kuchelewa hivi kwamba alitua Oregon saa chache tu kabla ya raundi ya kwanza ya mashindano ya dunia. Alishuka, akapasha misuli, akakimbia, akafuzu nusu fainali. Kati ya Wakenya wote waliowahi kufika mbioni dakika za mwisho, pengine ni yeye pekee aliyekuwa na sababu.

Bwana Jumamosi hapendi mifano hiyo. Ana wake mmoja, na huutoa kila anapobanwa. Mwaka 1969 kule Le Mans, ambako madereva walizoea kukimbia kwa miguu kuvuka barabara na kurukia magari yao, Jacky Ickx alitembea taratibu. Alifunga mkanda vizuri, akaondoka wa mwisho kabisa, na saa 24 baadaye akashinda kwa takriban mita 120. "Mnaona?" husema Bwana Jumamosi. "Wa mwisho kuondoka!" Anachoacha kusema ni kwamba Ickx alikuwa pale, gari likiwa tayari, akichelewa kwa makusudi kuonyesha kwamba mtindo ule ulikuwa hatari, na kweli dereva mmoja alifariki katika mzunguko wa kwanza tu, na mwaka uliofuata mtindo huo uliachwa. Ickx hakuwa Turbo akinywa chai.

Siku yetu ya Jumamosi ikaendelea. Dakika yao ya kuanza ilikuwa saa tatu na dakika mbili. Kadi iliingia saa tatu na dakika 13. Dakika 11, sekunde 110 za adhabu hata kabla tairi halijagusa murram. Mwelekezi hakusema neno kwa hatua mbili nzima isipokuwa kona, na hata kona alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka.

Mchana Bwana Jumamosi akaamua kubadilika. Huduma ya gari ikaisha haraka, fundi akapewa soda, na wakaondoka mapema kuelekea kituo kilichofuata. "Ngoja hapa kwenye mti," mwelekezi akasema, "bado dakika mbili." Lakini mtu aliyetubu hana breki. Akaupita ubao wa manjano, akasimama mbele ya meza kwa madaha, akampa msimamizi ile kadi mwenyewe kupitia dirishani.

"Mzee, leo tumewahi!"

Mzee akatazama saa, akatazama kadi, akaandika. Kanuni zilezile zinazotoza sekunde 10 kwa kila dakika ya kuchelewa hutoza dakika nzima kwa kila dakika ya kuwahi, isipokuwa pale waandaaji walipoandika kwamba kuwahi kunaruhusiwa, na hapo hawakuandika. Dakika mbili: sekunde 120. Bwana Jumamosi akauliza kama angeweza kurudi nyuma kidogo kisha aingie tena. Mzee alikuwa ameshamgeukia mwenye maandazi, aliyekuwa ameegesha chini ya mti, injini ikinguruma polepole, akisubiri dakika yake.

Jioni, kwenye nyama choma, habari ya asubuhi haikutajwa kabisa. "Sisi," Bwana Jumamosi alikuwa akieleza meza ya tatu sasa, mfupa mkononi, "wametuadhibu kwa kuwahi."

Mwelekezi alikuwa anatafuta namba ya yule jamaa mwenye maandazi.