Namna ya Kuichelewesha Kompyuta ya Saiba

Hongera kwa kufungua saiba mjini Bungoma. Mahali ulipopata ni pazuri: matatu za Kanduyi zinapita mbele, na jirani kuna mama wa chai ya maziwa na mandazi. Kompyuta umenunua zilizokwisha kutumika Uingereza, zenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mteja akiketi, ameketi kweli. Mteja wa dakika tano halipi kodi ya chumba.

Anza kwa kukubali kila kitu. Ukiweka programu mpya utaona visanduku vidogo vilivyokwisha kutiwa alama. Kimojawapo huomba programu ijiwashe kila mara Windows inapowaka. Usikisome. Bofya Next hadi kidole kichoke. Nyingine hazikusumbui hata kwa kisanduku: Spotify, Steam na Teams zina mazoea ya kujiandikisha zenyewe. Kwa hiyo saiba yako, ambayo kazi yake ni kujaza ritani za KRA na kuchapisha barua za kuomba kazi, itaamka kila asubuhi ikiwa tayari kwa muziki, kwa michezo na kwa mkutano wa ofisi ambayo haipo.

Ni vizuri ujue zimejiandikisha wapi, usije ukazifuta kwa bahati mbaya. Baadhi hukaa katika folda ya Startup, ambayo asili yake ni Windows 3.1 ya mwaka 1992. Chochote kilichowekwa humo hufunguka mtu akiingia. Nyingi zaidi hujificha ndani ya rejistri, daftari ambamo Windows huweka mipangilio yake, chini ya kifungu kiitwacho Run. Kifungu hicho kiko mara mbili: kimoja cha mtumiaji aliyeingia, kingine cha wote wanaotumia mashine. Kuna pia RunOnce, ambayo kwa kawaida hulifuta agizo kwanza, kisha hulitekeleza mara hiyo moja tu. Hiyo ina adabu, na adabu haitusaidii hapa.

Flashi nazo zipokee zote. Enzi za Windows XP mambo yalikuwa rahisi: flashi ilikuja na faili la autorun.inf, ukiichomeka tu kirusi kinapata nafasi. Mdudu aitwaye Conficker, aliyeibuka mwishoni mwa 2008, alisambaa kwa njia hiyo pia. Februari 2011 Microsoft iliziba mwanya huo kwenye XP na Vista, lakini usikate tamaa. Wapo wadudu wanaozificha folda na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anakuja kuchapisha projekti yake, anabofya folda aliyoizoea, na mdudu anajinakili kwenye mashine na kujiandika katika Run. Tangu siku hiyo, kompyuta ikiwaka na yeye anaamka. Wa pili akichomeka flashi yake, ataondoka na projekti pamoja na zawadi.

Matunda ya kazi yako utayavuna Juni 30, siku ya mwisho ya ritani. Stima imekatika, imerudi, mashine zote zinaanza upya. Mama mmoja ameketi, kitambulisho mkononi, PIN yake imeandikwa nyuma ya risiti ya mbolea. Kiduara cha buluu kinazunguka. Pale chini kulia vinajitokeza vialama kimoja kimoja: cha printa uliyokwisha kuuza, cha OneDrive ambamo hakuna aliyewahi kuingia, cha programu inayotaka kujisasisha. Vyote vinaigombania diski moja kama abiria wa Chwele siku ya soko. Mama anajua faini ya kuchelewa ni Sh2,000. Mwambie, “Ngoja kidogo, mayi, inafunguka.” Akiuliza tena, sema ni netiwaki. Netiwaki haina wakili.

Fundi akija, mshauri azime na kuwasha. Tangu Windows 8 ya 2012, mashine nyingi zikizimwa kwa Shut down huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha vilevile. Anayetaka mwanzo mpya kabisa hubofya Restart, ila hilo fundi asilisikie kwako.

Na sasa onyo. Yupo kijana wa atachi atakayekuja siku moja na kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, na ndani yake orodha ya Startup yenye majina yote na uzito wa kila moja. Palipoandikwa High, maana yake programu hiyo inakula zaidi ya sekunde moja ya prosesa, au zaidi ya MB 3 za kusoma na kuandika kwenye diski, kabla mteja hajagusa kipanya. Kijana atabofya jina kwa kitufe cha kulia na kuchagua Disable. Hakuna kitakachofutwa; anayeitaka programu ataifungua mwenyewe.

Ukimkuta anafanya hivyo, mwombe aache ulinzi dhidi ya virusi kama ulivyo. Hizo nyingine mwache azimalize, kisha umwagizie chai.