Shukrani kwa Msamaha wa Mapengo

Katoro, Geita

Kwa Waheshimiwa mnaotunga sera ya msamaha wa matibabu,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA KUTIBU BURE MENO YASIYOTAFUNA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa mtoto mwenye pengo na mtoto wa mama kibogoyo, hivyo nina sifa zote za kuwaandikia.

Sera yenu inasema mtoto aliye chini ya miaka 5 atibiwe bure, na mzee wa miaka 60 asiyejiweza naye atibiwe bure. Siku zote nilidhani hiyo ni huruma. Nilipokaa asubuhi nzima kwenye benchi la kliniki ya meno, ndipo nikang'amua kuwa ni hesabu kali. Mtoto wa chini ya miaka 5 ana meno 20 ya utoto, na yote yatang'oka yenyewe bila kumsumbua daktari. Gego la kwanza la kudumu, lile la kutafunia mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni, huota akikaribia miaka 6 au akishaitimiza. Kwa hiyo msamaha unafunga virago vyake na kuondoka, kisha ndipo gego linapiga hodi. Msamaha huohuo unarudi miaka 55 baadaye, umekunjua mikono, kumpokea mzee ambaye magego yake yalishatangulia.

Mama yangu ana miaka 67. Katika hospitali moja ya umma ya ukanda huu, ambayo jina lake nalisitiri, alipitishwa dirisha la wazee bila kupanga foleni. Akapewa shikamoo tatu, akakalishwa kwenye kiti, akafumbuliwa mdomo. Hakikuonekana cha kutibu. Sijapata kuona huduma ya haraka namna ile! Tulipouliza meno ya bandia, tukaambiwa hayamo kwenye msamaha. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kumbe walikuwa wakiandaa bajeti.

Kijana wangu ana miaka 8. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka, usiku analia, nasi tunalituliza kwa karafuu.

"Msamaha wake uliisha miaka mitatu iliyopita, baba," aliniambia karani.

"Miaka mitatu iliyopita gego lenyewe lilikuwa halijaota."

"Basi ungewahi."

Nikachukua namba ya malipo, nikalipa, nikarudi kwenye benchi. Tabibu wa meno alikuwa binti mmoja kwa umati mzima, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Akalitazama lile tobo, akasema linazibika. Ila mashine ni mbovu na dawa ya kuzibia imekwisha. Kilichopo ni sindano ya ganzi na koleo. Tangu utoto nimesikia kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, nikidhani ni methali. Sikujua kuwa ni mwongozo wa matibabu.

Waheshimiwa, kinachoniumiza ni kwamba sisi ni watu wa mashimo. Hapa Katoro hata mtoto anajua duara la mchimbaji ni nini. Mgodi mkubwa wa Geita unachimbua dhahabu tangu mwaka 2000. Kule Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, wakishatoa mwamba wenye dhahabu huchanganya mabaki ya uchenjuaji na saruji, na kuujaza uwazi ulioachwa ili mgodi usiwaporomokee. Huko ndiko kuziba kwenyewe! Kumbe ukanda huu unajua kuziba pango la kuingia lori, tobo la kuingia punje ya mtama ndilo linalotushinda.

Wala msiisingizie mashine. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilibuniwa njia ya kuziba jino bila mashine: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tobo linajazwa saruji ya meno, mgonjwa anakwenda zake. Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia nzima njia hiyo kwenye Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Dunia ilisikia. Taarifa nadhani bado iko njiani kuja huku, labda imekwama kwenye mizani.

Najua serikali ikitaka kuhesabu, inahesabu. Mwaka 2017 nchi nzima ilisimama kwa ajili ya makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu, yaliyozuiwa bandarini. Zikaundwa kamati mbili, na sote tukageuka wataalamu wa mchanga. Magego ya watoto wetu nayo hutoka kila siku ya kliniki, kwa ndoo, na hakuna kamati iliyowahi kuinama kuchungulia ndani ya ndoo hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, mchague mojawapo. Sogezeni msamaha wa meno ufike walau miaka 13, magego ya pili yakiwa yameshaota, na mfungashe saruji ya meno pamoja na ganzi. Ikishindikana, toeni waraka kwa magego yote ya Kanda ya Ziwa kwamba ni marufuku kuota kabla mwenye nayo hajatimiza miaka 60.

Gego la kijana tulipewa, limeviringishwa kwenye pamba. Jioni alilirusha juu ya bati, kama alivyorusha meno yake ya utoto, na mahali pa yale kweli yaliota mengine. Sasa kila asubuhi anapitisha ulimi penye pengo, kisha ananiuliza litaota lini. Nimemjibu kama mnavyotujibu ninyi: suala lake linafanyiwa kazi.

Nawasilisha.

Mzazi, Katoro