Nani Kaisugua Ncha Yangu?

Mtaani kwetu nawaogopa watu wawili: anayeazima pasi yangu ya kulehemu, na anayenisafishia.

Wa kwanza ni jirani. "Fundi, niazime pasi dakika mbili tu." Hasemi kwamba ndoo ya plastiki imepasuka. Pasi inarudi jioni, ina gamba jeusi nchani na inanuka. Ukiigusisha risasi ya kulehemu, haishiki. Inajikunja kitone, inadondoka mezani.

Wa pili ni kijana ninayemfundisha kazi, na huyu ni hatari zaidi kwa sababu ana nia njema. Akiona weusi tu, mkono umeshafika kwenye tupa. Anasugua mpaka ncha inang'aa wekundu. "Mzee, ona, imekuwa mpya!" Mpya wapi? Huo wekundu ni shaba ya ndani. Juu yake palikuwa na ngozi nyembamba ya chuma, naye kaichuna yote. Bati lililomo kwenye risasi huila shaba. Haupiti muda, ncha imeoza kama jino la mla pipi.

Simlaumu peke yake. Mafundi wa zamani walitumia ncha za shaba tupu, nazo kweli zilitaka tupa kila mara. Ncha zimebadilika, tupa haijapata habari.

Wengine risasi ikigoma kushika wanaongeza moto. Nyuzi 450! Risasi ya 60/40 huyeyuka kabla ya nyuzi 190, na hata hii isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye 220 hivi. Nyuzi 350 zatosha kabisa. Ukizidisha, unaongeza kutu tu, na kutu hiyo ndiyo inayokataa risasi.

Dawa ni rahisi hadi inaudhi. Lowesha sponji, ikamue, futa ncha, ipake risasi papo hapo. Ukimaliza kazi usiifute: ipake risasi tele, ndipo uzime. Hewa ihangaike na risasi, chuma kipone.

"Sasa mzee, nisafishe halafu niichafue tena?"

Ndiyo, ichafue! Ikilala safi, inaamka nyeusi.

Akaitikia kwa adabu zote. Nikaificha tupa. Leo asubuhi kaja na msasa, kaununua kwa pesa yake mwenyewe.