Pazia Lililopigiwa Mwano

Mtu anayelala usiku hajui bei ya giza. Mama watoto anaijua. Yeye ni dereva wa lori la mgodini, yale malori yanayobeba zaidi ya tani 100 za mawe kwa mkupuo mmoja, na akiwa zamu ya usiku hulala wakati wenzake wanakwenda gulioni. Basi la kazini linamshusha asubuhi, anaoga, anakunywa uji, anajitupa kitandani. Hapo ndipo jua la Geita nalo linaporipoti kazini.

Nilitetee jua letu kidogo: halina pupa. Tuko mbali magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo huku linachomoza karibu nusu saa baada ya kule, ingawa saa zetu ni zilezile. Ila likishafika halipigi hodi. Linapita kwenye shia, linapita kwenye pazia la maua tulilozawadiwa harusini, linamkalia mtu usoni. Tulijaribu shuka jeusi. Tulijaribu kanga mbili zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Tulijaribu boksi la televisheni lililokatwa kwa kisu na kuchomekwa kwenye nondo, na hilo boksi, lazima niseme ukweli, liliwashinda wenzake wote. Tatizo ni kwamba kila mgeni aliyeliona aliuliza tunahama lini.

Wazo la pazia la mota lilitoka kwa jirani. Jirani ni mchimbaji mdogo, na mwaka jana shimo lake la dhahabu, duara kama tunavyoliita, lilitema. Hapa Geita duara likitema, mtaa unajua kabla dhahabu haijafika Soko Kuu la Dhahabu, lile lililofunguliwa Machi 2019. Akaezeka upya, akaweka marumaru hadi kwenye ngazi za nje, kisha akafunga mapazia ya kujiviringisha kwenye kila dirisha. Jioni alikuwa anasimama uani na wageni wake, anabonyeza simu, na madirisha yote yanafumba kwa pamoja. Wageni wanapiga makofi. Mimi, mwalimu wa sekondari, nikiwa ng'ambo ya ukuta na ndoo ya kumwagilia mchicha, nikaona hakuna sababu ya kubaki nyuma. Ukanda huu si wa kudharauliwa. Mwadui, kule Shinyanga, ndiko ilikotoka ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Ardhi iliyomvalisha malkia haishindwi na pazia.

Muuzaji nilimpata Kariakoo, kwa WhatsApp. Nilidhani nitamwambia rangi na ukubwa, naye ataniambia bei. Kumbe kuna mtihani. Rola au zebra? Blakauti au ya kupitisha mwanga? Mota ya betri au ya waya? Ya rimoti peke yake au ya kuunganisha na simu? Ndani ya fremu au nje ya fremu? Nikamjibu kwamba nataka ya kumlaza mke wangu mchana. Akanitumia picha za sebule za Dubai.

Zebra niliikataa mapema. Inapendeza, sikatai: mstari wa kitambaa kizito, mstari wa wavu, ukiipanga inapitisha mwanga, ukiipangua inazuia. Lakini inazuia kwa maana ya ofisini. Kwa mtu aliyetoka kuendesha lori usiku kucha, upenyo wa kidole ni mchana kamili. Halafu kuna vumbi. Kiangazi kikikolea, barabara za changarawe zikakauka na karasha zikasaga mawe kutwa, vitambaa vyote vya Geita vinaelekea kwenye rangi moja. Zebra ina tabaka mbili. Nani atazifuta?

Swali la mota ndilo lililonikalisha. Zile za waya zinatumia umeme wa kawaida wa volti 230, zina nguvu, zinavuta blakauti nzito bila kulalamika. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni umeme wenyewe. Muuzaji alinihakikishia kwamba siku hizi nchi ina umeme wa kutosha, na ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115 na lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Lakini tawi la mwembe likiangukia waya hapa mtaani, haliulizi Rufiji kuna megawati ngapi. Wala LUKU ikiisha usiku wa manane haiulizi. Jirani, aliyefunga za waya nyumba nzima, sasa anawasha jenereta ili ashushe pazia. Jenereta lenyewe liko chini ya dirisha letu la chumbani. Mama watoto ameamshwa mara nyingi zaidi na pazia la jirani kuliko na jua.

Nikachukua za betri.

Vipimo navyo vina kisa chake. Fundi wa aluminiamu aliniambia madirisha yote ni futi 5 kwa futi 4, "sawasawa, mwalimu, usihangaike." Muuzaji anataka milimita. Futi 5 ni milimita 1,524 kwenye daftari la hesabu. Kwenye ukuta wangu, dirisha la chumbani ni 1,531 juu na 1,509 chini, na la sebuleni limeinama kidogo upande wa kusini, nadhani kwa uchovu. Kufunga ndani ya fremu hakukuwezekana hata kwa maombi: kuna nondo, nyuma ya nondo kuna wavu wa mbu, nyuma ya wavu kuna vioo vya kuteleza. Dirisha la kwetu limeshajaa. Muuzaji akauliza kama nondo zinaweza kutolewa. Nilimwambia zikitolewa hatutahitaji pazia, maana hakutabaki kitu cha kuficha.

Kijana wa kufunga alikuja na drili, ngazi ya kuazima na jina la mtaalamu wa nyumba janja; siku nyingine hufunga madishi. Linta ilimtoa jasho. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Mota huwa inafundishwa pa kuanzia na pa kuishia. Unabonyeza kitundu kidogo kwa ncha ya kalamu, pazia linajitikisa mara moja juu na chini kuonyesha limekubali, unalishusha hadi chini ya kizingiti cha dirisha, unabonyeza tena, linajitikisa tena. Watoto wetu pacha walikuwa wamekaa sakafuni, na kila lilipojitikisa waliliitikia kwa vichwa. Rauta nayo ikawekwa sawa, kwani vifaa vingi vya namna hii vinasikia Wi-Fi ya gigahetsi 2.4 tu, ukivipa ya 5, vinanuna.

Ikaja ratiba. Nikamwambia kijana, kwa Kiswahili kisicho na doa: zishuke saa moja asubuhi, zipande saa kumi jioni. Akaandika kwenye simu 01:00 na 10:00, akapokea hela yake, akaondoka na bodaboda.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kishapu na mfuko wa michembe. Binti yake alikuwa zamu. Saa saba usiku, mama mkwe akiwa ameamka kunywa maji, pazia la sebuleni likaanza kushuka. Mota ambayo mchana huisikii, usiku inanguruma zzzzzz ndefu isiyo na haya. Nyumba kimya, taa zimezimwa, kitambaa kinateremka ukutani na hakuna mkono. Mama mkwe alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu wa Usukumani angefanya. Alipiga mwano.

Msomaji wa pwani anielewe: mwano si kelele, ni wito wa msaada. Ukanda huu ndio uliozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwano ukilia hujadili, hutafuti viatu, unatoka. Mimi nilitoka na shuka. Kwa Wasukuma, mkwe kumtokea mama mkwe na shuka kiunoni ni kesi inayojitegemea, lakini usiku huo hapakuwa na nafasi ya kuisikiliza, kwa sababu uani palishajaa watu wenye marungu na tochi, jirani wa jenereta akiwa mbele kabisa.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza mzee wa mtaa.

"Hakuna mwizi, mzee. Ni pazia."

"Pazia limefanya nini?"

"Limeshuka."

Akamulika pazia. Akanimulika mimi, akashusha tochi haraka kwa heshima ya shuka. "Limeshuka lenyewe?"

"Lenyewe, mzee."

"Lipandishe."

Nikabonyeza rimoti. Likapanda. Akataka lishuke, likashuka. Mtu wa nyuma, ambaye hakuona vizuri, akaomba lirudiwe. Kisha likazuka suala la faini, maana watu wametolewa vitandani bure. Mzee akamtazama mama mkwe, mtu mzima aliyetoka mbali na aliyeona alichoona, akashindwa. Pazia halina mfuko. Faini ikamwangukia mwenye pazia, kreti moja ya soda, na wakati wa kuagana watu wakawa wananinong'oneza mmoja mmoja: hii kitu bei gani?

Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya ratiba. Nusu ya pili ilingoja saa nne asubuhi, mama watoto akiwa kwenye usingizi mzito, mimi nikiwa darasani na Kidato cha Pili. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Baba watoto, umefungua pazia?"

"Niko shuleni."

"Sasa nani kafungua?"

Nikatoka nje ya darasa, nikafungua programu ili nilishushe kwa mbali, kama jirani. Kifaa hakipatikani. Bando la rauta lilikuwa limeisha. Mama watoto akaenda stoo, akalirudisha boksi la televisheni.

Kijana wa kufunga alirudi, akarekebisha saa bila hata kuomba radhi, akisema simu haina kosa. Akatuongezea kispika cha kuamrisha kwa sauti, nacho kikawa hakijui Kiswahili, achilia mbali Kisukuma. Mama watoto alikisikiliza kikiomba arudie amri, akakichomoa. "Usiku kucha naamrishwa kwa Kiingereza kwenye redio ya lori," alisema. "Siwezi kurudi nyumbani nikaanza kulibembeleza pazia kwa Kiingereza."

Aliyeupenda mradi huu ni mama mkwe. Kesho yake mchana aliomba rimoti, akakaa kwenye sofa na pacha kila upande, akapandisha na kushusha hadi jioni. Siku iliyofuata akawaita na wanawake wa mtaani. Betri ambayo muuzaji aliapa itakaa miezi sita iliisha kabla mgeni hajapanda basi la Shinyanga, na pazia la sebuleni likakwama katikati, pembe moja chini kidogo kuliko nyingine. Kulichaji kunataka ngazi, waya mrefu na mtu wa kushika ngazi. Lingali katikati.

La chumbani ndilo linalofanya kazi, na si kwa werevu wangu. Aina niliyoiagiza ilikuwa imeisha dukani, muuzaji akanitumia yenye mota na pia mnyororo wa kuvuta pembeni, huku akiomba samahani kwa kunipa ya kizamani. Nyuma yake tumetundika pazia zito la kawaida linalozidi fremu kwa kiganja kila upande, kuziba ule mstari wa jua unaopenya pembeni. Mama watoto akirudi huwa hagusi simu wala rimoti. Anavuta mnyororo, analala hadi saa tisa.

Kwa hiyo wewe unayejenga Katoro, Kahama au popote, na tayari una namba ya muuzaji, usianze na rangi. Muulize betri ikizima au umeme ukikatika, pazia linavutwaje kwa mkono. Akianza kukueleza habari za programu ya simu, mshukuru, mpigie mwingine.